Maji Yaliyokataa Kutulia

Asubuhi ya siku ya kumi ndani ya kamba ya karantini, Otilia aliamka kabla ya wenzake, akazunguka nyuma ya ghala, akafungua kifua na kukamua maziwa yake juu ya mchanga. Alianza na titi la kulia, akaja la kushoto, ameuma meno, maana titi lililojaa likikosa wa kulinyonya huwa gumu na huuma hadi kwapani. Siku za kwanza maziwa yalikuwa yakiruka yenyewe, akisikia tu mtoto wa mtu analia. Sasa ilibidi ayabembeleze. Alijua maana yake, na hakuna mwanamke aliyewahi kunyonyesha asiyeijua: maziwa yasiyoitwa huacha kuja.

Mwanawe, Nazari, alikuwa na miezi saba, na alikuwa juu Umatengo, mwendo wa siku mbili za kupanda kwa mwenye miguu mizuri. Otilia alimwacha huko kwa hiari yake mwenyewe, na hilo ndilo lililokuwa likimla.

Alikuwa ameaga kwa siku nne tu. Maharage yalikuwa yameanza kutobolewa na wadudu, chumvi ilikuwa imekwisha, na mume wake alikuwa Tanga akikata mkonge, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumtuma. Wanawake wa milimani wamezoea kushuka na maharage na kupanda na chumvi na usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa waliokaushwa juani. Mama mkwe wake, Bibi Vitalia, alimkataza. "Mwenye mtoto titini hashuki ziwani wakati wa masika," alisema. Lakini Otilia alikuwa mtu ambaye ukimwambia moto unaunguza, anakuuliza unaunguza kiasi gani. Tena wifi yake, Domitila, aliyekuwa amekuja kujifungulia kwao na sasa ana binti wa miezi mitano, alimtetea. "Nenda, wifi. Mimi nina matiti mawili, na watoto watakuwa wawili. Hesabu imetimia." Wakacheka. Otilia akajitwika kapu lake, akashuka pamoja na jirani yake wa makamo, Mama Serafina, wakafika upande wa Lituhi jioni ya siku ya pili. Kesho yake asubuhi kamba ikafungwa.

Ugonjwa ulikuwa wa kuhara damu. Ulizuka kwenye gati dogo karibu na pale Mto Ruhuhu unapomwaga maji yake ziwani, ukaua watu wanne katika juma moja. Serikali ya Mwingereza haikukawia. Ilimtuma mganga msaidizi kutoka Songea, kijana mwenye miwani aitwaye Izidori, ambaye watu walimwita Bwana Dresa, na matarishi wawili wenye marungu. Wakavuta kamba ya katani kuanzia ufuoni, ikapita nyuma ya ghala la zamani, ikaishia ukingoni mwa mto. Aliyekutwa ndani akabaki ndani. Watu arobaini na sita: wavuvi, wapagazi, wanawake wa milimani, na Mzee Zaidi, mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka Kilwa, aliyekuwa akipita tu na masanduku yake ya bidhaa. Kamba yenyewe hata mbuzi angeiruka. Lakini nyuma ya kamba palikuwa na rungu, na nyuma ya rungu palikuwa na serikali, na serikali hairukwi.

Masharti ya kutoka yalikuwa mawili, na Izidori aliyasoma kila asubuhi kama mtu anayesoma misa. La kwanza, zipite siku saba bila mgonjwa mpya. Hilo, Mungu si Athumani, lilikuwa linaelekea kutimia. La pili lilihusu maji. Ziwa lilikuwa marufuku, maana ufuo ndio uliochafuliwa. Maji yalipaswa kuchotwa mtoni, yajazwe kwenye tangi la saruji kando ya ghala, kisha yatiwe dawa ya unga mweupe inayoua vijidudu. Lakini dawa ile haina nguvu ndani ya tope. Kwa hiyo Bwana Daktari, Mwingereza aliyekaa Songea, alikuwa ameacha amri: Jumatano ijayo atakuja, atachota maji ya tangi katika chupa nyeupe, ataisimamisha mbele ya karatasi yenye maandishi. Akiweza kusoma, atatia dawa na kamba itakatwa. Asipoweza, atarudi baada ya wiki mbili, kwa sababu alikuwa na nchi nzima ya kuzungukia na gari moja.

Wiki mbili! Otilia aliposikia hivyo mara ya kwanza, alizihesabu kwa vidole.

Nao Mto Ruhuhu wakati wa masika haukuwa na huruma. Ulishuka na udongo mwekundu wa vilima chungu nzima. Walijaza tangi Jumatatu. Mchanga ulizama papo hapo, lakini ule wekundu laini, laini kama unga wa ulezi uliosagwa mara mbili, ulibaki umening'inia majini. Jumanne ukawa hapo. Jumatano ukawa hapo. Alhamisi, siku ile ya kumi, Otilia alipotoka kukamua maziwa yake alipitia tangini, akachota maji kwa kibuyu, akayatazama. Mekundu vile vile, kana kwamba yamechotwa sasa hivi.

"Tulieni basi," akayaambia kwa hasira. "Siku nne mnangoja nini?"

Mama Serafina alimkuta hapo, akamshika bega. Alikuwa mwanamke mwema, lakini wema wake ulikuwa na tabia ya kusema yasiyotakiwa kusemwa. "Mwanangu, usikamue sana. Hata ukifika, maziwa yaliyokaa siku nyingi mbali na mtoto yanahesabiwa yameharibika. Bibi Vitalia hatakuruhusu."

"Ndiyo maana nayamwaga kila siku, mama. Yasikae."

"Haya," alisema Mama Serafina, kwa sauti ya mtu asiyeamini.

Ijumaa, Izidori aliwaita watu wote mbele ya ghala. Alikuwa ameazima vitu viwili kwa Mzee Zaidi: nyuzi mbili za hariri, zile ambazo mzee alitumia kudarizia kofia, na kopo la shabu, yale mawe meupe mfano wa barafu ambayo vinyozi hupaka mtu akikatwa na wembe. Alipenda kufundisha, Izidori, na ndani ya kamba alikuwa amepata wanafunzi wasio na pa kukimbilia.

Akazifunga nyuzi pamoja juu, akazivuta mara kadhaa kati ya vidole vyake vikavu. Mara mbili hazikufanya kitu, na watu wakaanza kuguna. Mara ya tatu nyuzi zikaachana, zikasimama kila moja upande wake, zikitetemeka. Akajaribu kuzikutanisha kwa kidole. Zikakwepana.

"Zimepata umeme," alisema. "Na umeme wa zote mbili ni wa namna moja. Ndiyo maana hazitaki kukutana."

"Kumbe wake wenza!" alisema Mzee Zaidi, na watu wakaangua kicheko, maana walikuwa na njaa ya kucheka.

"Ndivyo ulivyo udongo huu," Izidori aliendelea, akingoja kicheko kiishe. "Kila chembe ni ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na kila chembe ina umeme wake. Zote ni za upande mmoja. Moja ikiisogelea nyingine, inasukumwa. Zisiposhikana haziwi nzito. Zisipokuwa nzito hazizami. Mtakaa hapa mpaka Krismasi na maji yatakuwa mekundu."

Siku hizi watoto wa shule wanaliita jambo hilo chaji hasi, na kulijaza kwenye karatasi ya mtihani bila hata kulifikiria. Otilia, ambaye hakupita darasa la pili, alilifikiria. Alitazama watu arobaini na sita waliobanwa katika eneo la hatua mia moja, wanavyogombania kivuli, sufuria na mahali pa kulala, hakuna anayemtaka mwenzake karibu, hakuna anayeweza kwenda mbali. Akaona dresa hakosei.

Shabu, alisema Izidori, ina umeme wa upande wa pili. Ukiitia majini inazikamata zile chembe na kuuzima umeme wao, na zikisha kuzimwa zinashikana. Akaponda jiwe moja likawa unga, akachukua bilauri ya maji ya tangi, akatia unga kidogo kidogo kwa ncha ya kijiti, akikoroga na kuhesabu. Kwa muda hapakuwa na kitu. Halafu tope likaanza kukatika kama maziwa ya mgando, vipande vikaonana, vikaungana, vikashuka taratibu mpaka chini. Juu yake maji yakawa maji. Wapagazi walipiga makofi. Otilia alishika kifua chake kwa mikono miwili, na moyo ukaruka kwa furaha, wazi kabisa, kama msichana.

Izidori alipiga hesabu ya tangi zima, akatia kiasi alichopata, wavuvi wawili wakakoroga kwa makasia. Kisha akageuka na kuvaa uso wa serikali. "Sasa mtu asiguse. Shabu ina kipimo chake. Atakayetia mkono tangini nitamwandika jina, na atabaki hapa wiki mbili wenzake wakishaondoka."

Jumamosi wekundu ulikuwa umeshuka nusu. Jumapili asubuhi ungeweza kuona ngazi ya kwanza ndani ya tangi, na ya pili kwa shida, kwa kuwa ulibaki ukungu mwembamba. Izidori alisema ukungu huo utakwisha wenyewe kabla ya Jumanne. Watu waliitikia. Wakaambiana haraka haraka haina baraka, na kila aliyesema hivyo alikuwa akilitazama tangi kwa jicho la pembeni.

Jumapili hiyo, wakati Wakristo wamekusanyika mbele ya ghala kusali rozari, Otilia alikuwa nyuma na matiti yake. La kulia lilitoa maziwa kidogo. La kushoto alilikamua mpaka ngozi ikawa nyekundu, akapata matone manne. Manne. Aliyahesabu yakiwa mchangani. Akataka kupiga kelele, akataka kuikimbilia kamba, na rungu likija na lije.

Badala yake alikwenda kwa Mzee Zaidi, aliyekuwa amekaa juu ya sanduku lake akidarizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Huko kwenye sala hukwenda?"

"Naumwa kidogo. Mzee, ile shabu ilibaki?"

Mzee Zaidi hakumuuliza ya nini. Wala hakumtazama usoni. Alipapasa ndani ya kopo akampa jiwe lenye ukubwa wa kidole gumba, akarudi kwenye kofia yake kama mtu ambaye hakuona lolote.

Otilia aliliponda, akakwea ngazi ya tangi, akamwaga, akakoroga kwa kasia huku akisikiliza Salamu Maria za upande wa pili. Nia yake haikuwa mbaya. Nusu kopo ilikuwa imeondoa wekundu wote ule, basi kidogo tena kitamaliza ukungu. Dawa ikiwa nzuri, nyingi ni nzuri zaidi: hilo ndilo kosa la kila mtu aliyewahi kumuuguza ampendaye.

Jumatatu asubuhi kulikuwa na kelele tangini. Maji yalikuwa yamevurugika. Hayakuwa mekundu kama mwanzo, yalikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa mchele, mazito, na ngazi ya kwanza haikuonekana kabisa. Izidori alisimama juu yake na miwani mkononi, amekunja uso.

"Nani aliyegusa?"

Akavaa miwani, akawageukia.

"Nauliza nani aliyegusa!"

Watu arobaini na sita walitazama miguu yao. Otilia naye alitazama ya kwake. Alikuwa na tope vidoleni, na alilitazama tope hilo kwa makini sana.

Siku nzima Izidori alikwenda na kurudi, uso umempwaya. Mara mbili walimwona yuko peke yake tangini, mgongo umewageukia. Jioni maji yalikuwa meupe zaidi. Maji yalikuwa yamezidi unga, na kila mtu alijua. Mama Serafina alianza kuimba wimbo wa maziko kwa sauti ya chini, akaambiwa anyamaze, akanyamaza. Otilia alilala huku amekunja mikono kifuani, akajiambia ukweli bila kuupamba: mwanangu hatanyonya tena kwangu, na aliyefanya hivyo ni mimi.

Jumanne asubuhi alitumwa na wenzake kuokota kuni kando ya mto, ndani ya kamba. Alirudi miguu imepakwa tope hadi magotini. Kulikuwa na karai la maji ya tangi lililotengwa kwa kuoshea vyombo, maana kwa maji yale hapakuwa na lingine la kufanya. Akaingiza miguu humo, akaisugua, akaitoa, akaenda kutua kuni zake. Aliporudi kumwaga yale maji machafu, alisimama na karai mikononi.

Tope la miguu yake lilikuwa limekatika vipande, vimekaa chini ya karai. Juu yake maji yalikuwa safi. Aliona hadi mkwaruzo wa bati.

Otilia aliliweka karai chini polepole. Akaonja maji yasiyochanganywa kutoka kwenye kibuyu kingine: yaliukausha ulimi, ukakasi mtupu, kama kutafuna ndizi mbichi. Shabu. Maji yote yalikuwa yamejaa shabu. Akakumbuka nyuzi za hariri. Chembe zilikuwa za upande mmoja, zikasukumana. Zikapewa shabu ya kiasi, zikatulia. Zikapewa shabu kupita kiasi, zikageuka zote kuwa za upande ule wa pili, na sasa zilikuwa zinasukumana upya, vile vile kama zamani. Zilichohitaji hazikuwa nacho ndani ya tangi: tope bichi, lenye umeme wake wa kwanza.

Furaha ilimjaa, halafu ikamwagika. Maana Izidori atamuuliza amejuaje kwamba shabu imezidi. Na yeyote aliyetia mkono tangini atabaki wiki mbili baada ya wenzake. Akinyamaza, Jumatano itapita, na wote watabaki wiki mbili, naye akiwemo. Akisema, wote wataondoka kesho, yeye peke yake atabaki. Kwa vyovyote vile wiki zake mbili zilikuwa palepale. Alikaa juu ya kuni zake akatafuta mlango wa tatu, na mlango wa tatu haukuwapo. Akamwona Mama Serafina akipita na kibuyu, amezeeka kwa wiki mbili kama kwa miaka kumi. Mficha uchi hazai, akajisemea, na akainuka.

Alimkuta Izidori mbele ya ghala, daftari mapajani, watu wamemzunguka wakimlilia.

"Bwana Dresa, maji yanahitaji tope."

Watu walicheka kicheko kibaya. Izidori hakucheka. "Yanahitaji nini?"

"Tope. La mto." Akaliweka karai mbele yake, akamweleza habari ya miguu yake. Izidori aliinama juu ya karai muda mrefu, akatia kidole, akakitazama.

"Hili lingewezekana," alisema taratibu, "kama shabu imezidi sana. Lakini mimi nilipima. Haiwezi kuzidi."

Otilia alivuta pumzi. "Ilizidi. Niliongeza mimi. Jumapili, mlipokuwa kwenye rozari. Jiwe moja, kubwa kama hiki," akaonyesha kidole gumba. "Nina mtoto mchanga nyumbani, Bwana Dresa. Maziwa yangu yanakwisha. Niliona hayatulii haraka. Niandike."

Izidori alishika penseli, akaiweka kwenye karatasi, hakuandika.

"Jiwe moja la kidole gumba haliwezi kuharibu tangi zima," alisema.

"Na langu," alisema mvuvi mmoja aliyekuwa nyuma. "Nilitia alfajiri, kabla ya sala."

"Sisi tulitia mawili," walisema wapagazi, wakisukumana viwiko.

Mama Serafina alikohoa. "Langu lilikuwa dogo sana," alisema, na Otilia akamgeukia asiamini.

Macho yote yakaenda kwa Mzee Zaidi, maana kopo lilikuwa lake. Mzee alifunga sindano yake kwenye kofia. "Walikuja mmoja mmoja, kila mtu na maradhi yake," alisema. "Ningemnyima nani? Lililobaki chini ya kopo nililimwaga mwenyewe, baada ya sala ya adhuhuri. Wallahi nilidhani nasaidia."

Izidori aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. Kisha akalifunga daftari.

"Jana nilitia konzi tatu za unga nilioubakiza, bila kupima," alisema. "Niliona imepungua nguvu. Nikianza kuandika majina, itabidi nianze na langu." Akasimama. "Leteni bilauri. Na mtu mmoja akachote tope."

Walipima kwa bilauri, mara hii Izidori akihesabu kwa sauti ili kila mtu asikie. Kijiko kimoja cha maji ya mto, hakuna kitu. Viwili, ukungu ukaanza kukatika. Vitatu, vipande vikashuka. Cha nne hakukitia, alikirudisha kwenye ndoo mbele ya macho yao, kama padri anayefunika kikombe. Wakapiga hesabu ya madebe. Ukiona watu walioteseka siku tisa kuondoa tope sasa wanapanga mstari kulimwaga ndani, wanatweta, wanalia na kucheka kwa pamoja, utasema wamerukwa na akili. Wavuvi walikoroga. Halafu Izidori akaamuru kila mtu akae mbali na tangi, na yeye mwenyewe akakaa mbali, mikono ameikalia.

Daktari alifika Jumatano saa nne, siku saba bila mgonjwa mpya zikiwa zimetimia, matope hadi kwenye kofia. Hakusalimu sana. Alitumbukiza chupa, akaifuta, akaishika mbele ya kipande cha gazeti alichokitoa mfukoni. Watu wote waliacha kupumua. Alisogeza chupa karibu na karatasi, akaisogeza mbali, na midomo yake ikaanza kucheza chini ya masharubu. Alikuwa anasoma.

"Maji mazuri sana," alisema kwa Kiswahili chake. "Dresa, umefanya nini?"

"Tulingoja, bwana," alisema Izidori.

Otilia hakungoja kuona kamba ikikatwa. Aliipita chini. Usipa alioubadilisha aliuacha pale pale na kapu lake, kwa kuwa mzigo ungemchelewesha, na Mama Serafina akamwita nyuma yake mara tatu, kisha akaacha. Alilala njiani kwa watu, akakamua matone yake kwenye majani, akaondoka kungali giza. Mwili ulimwuma, akaupandisha hivyo hivyo. Saa tisa mchana aliona mashamba ya ngolo ya ukoo wao, mashimo kwa mashimo ubavuni mwa mlima, na moshi wa jikoni kwao.

Nazari alikuwa amekaa juu ya mkeka barazani. Alikuwa amenona. Otilia alifurahi kumwona amenona, papo hapo akaumia, na akajichukia kwa kuumia. Akapiga magoti, akanyoosha mikono.

"Nazari. Baba. Nimekuja."

Mtoto alimtazama kama tunavyomtazama mgeni anayekohoa kanisani. Kisha akageuka, akatambaa haraka haraka hadi kwa Domitila, akaficha uso kwenye paja lake.

"Hajakusahau, wifi," alisema Domitila. "Amelala vibaya tu leo."

Otilia alimwinua. Mtoto akalia, akajikunja mgongo kama upinde, akasukuma kifua cha mama yake kwa viganja vyote viwili. Otilia akafungua nguo, akamwekea titi mdomoni. Akalitema, akapiga yowe.

Bibi Vitalia alitoka jikoni. Hakusema habari ya maziwa kuharibika, pengine kwa sababu alikiona kile kifua na lile chozi. "Mbane," alisema. "Mshike kwa nguvu, atazoea."

Otilia alimshika kwa nguvu. Kadiri alivyombana, ndivyo mtoto alivyosukuma, mpaka uso ukamwiva na pumzi ikakwama. Otilia akamwachia. Akamrudisha kwa Domitila, akakaa chini akilia bila kujificha, maana alikuwa amejificha karibu siku ishirini na amechoka.

Domitila alimtuliza mtoto kwa titi lake. Aliangalia upande mwingine kwa aibu, kana kwamba ameiba kitu. Baada ya muda akasema, "Njoo ukae hapa, wifi. Karibu. Karibu zaidi."

Otilia akasogea, paja likagusana na paja. Domitila alingoja mpaka macho ya mtoto yalipoanza kulegea. Kisha, bila haraka, akaanza kumtelezesha kutoka pajani mwake kwenda kwenye la Otilia, kidogo, akasimama, kidogo tena, huku mkono wake haujaondoka mgongoni mwa mtoto na kanga yake imewafunika wote watatu. Nazari alipotoa mdomo, alitafuta gizani. Akalipata titi. Akasita. Otilia hakupumua, hakumshika, aliiacha mikono yake wazi juu ya mkeka.

Mtoto akavuta. Mara ya kwanza hapakuja kitu, akavuta tena, na Otilia akasikia maziwa yanashuka kutoka mahali alipodhani hapana kitu tena, yanachoma, yanakuja. Nazari alinyonya macho yamefumba mpaka usingizi ukamchukua, ngumi yake imeikamata kanga ya Domitila, na walipojaribu kuifungua, haikufunguka.